Leseni ya umeme kwa mafundi AC: tutazungushwa mpaka lini?

Wakuu, nina hasira na naandika nikiwa nayo hivyo hivyo.

Mimi ni fundi wa majokofu na viyoyozi hapa Dodoma, cheti cha ufundi stadi cha VETA, ngazi ya tatu. Natafuta leseni ya umeme ili kazi ninayoifanya kwa mikono yangu niisaini kwa jina langu. Basi. Dirishani kwa watoa leseni jibu likawa cheti chako ni cha majokofu, si cha umeme, kasome umeme kwanza.

Kasome umeme? Kompresa inazunguka kwa nini, kwa upepo? Darasani tulifundishwa kusoma michoro ya nyaya, kontakta, rilei, kapasita, kupima ampia, kuchagua waya na breka. Wapo mafundi umeme wazuri sana mjini hapa ambao hawajui kwamba kapasita inabaki na chaji hata ukishazima swichi kuu. Sisi tunajua, maana ndiyo kazi yetu ya kila siku.

Nilipobishana sana nikaambiwa haya, lete barua ya uzoefu kutoka kwa fundi mwenye leseni aliyekusimamia. Hapa ndipo damu inapochemka.

Huyo mwenye leseni ni nani? Ni fundi wa nyaya za majumbani anayeshinda zabuni za AC kwa sababu ana karatasi. Akishashinda ananipigia simu. Nabeba geji za kupimia presha na pampu ya vakyum ya kunyonya hewa kwenye mabomba, natandika mabomba ya shaba, nafunga yuniti ya nje, napima gesi, nawasha. Yeye anakuja siku ya kukabidhi, na mhuri. Mimi nalipwa kibarua. Sasa mtu huyo nimwombe aandike kwamba najua kazi! Akiandika leo, kesho nimekuwa mshindani wake kwenye zabuni ile ile. Anasema "subiri kidogo, nitakuandikia", na mwaka unakatika. Utaratibu umempa funguo za mlango wangu mtu anayefaidika mimi nikibaki ndani.

Na mteja ndiye anayeumia. Siku nikiwa sina nafasi, jamaa anafunga mwenyewe. Pampu ya vakyum hana, kwa hiyo analegeza nati na kuiachia gesi isukume hewa itoke, halafu anakaza. Hewa na unyevu vinabaki kwenye mfumo, oili inaharibika, kompresa inakufa kabla ya wakati wake, mteja anaambiwa umeme wa Dodoma ni mdogo. Hiyo gesi inayoachiwa siku hizi mara nyingi ni R32, na R32 inashika moto. R410A, gesi nyingine ya AC, nayo presha yake inazidi ya R22, ile gesi ya zamani, kwa zaidi ya nusu. Leseni ya nyaya haimfundishi mtu haya.

Msinielewe vibaya, sitaki leseni ifutwe. Nimeshaona soketi iliyoyeyuka ukutani kwa sababu mtu alichomeka AC ya BTU 24,000 kwenye ekstensheni. Mashine hiyo inakula kama ampia 10 kwa saa nyingi mfululizo, inataka laini yake na breka yake. Hita za maji za gesti ni balaa zaidi: hita ya wati 3,000 kwenye volti 230 ni ampia 13, na Juni na Julai mji huu una baridi ya usiku, kwa hiyo zinawashwa zote kwa pamoja. Kazi hii lazima idhibitiwe. Ninachodai ni apimwe anayeifanya.

Kule jimbo la Washington, Marekani, wana leseni ya umeme ya fani maalumu, 06A, ya mifumo ya kupasha joto, kupoza hewa na majokofu. Mwanafunzi anafanya kazi chini ya msimamizi saa 4,000 kisha anafanya mtihani wa fani hiyo. Ipo na 06B, yenye mipaka zaidi, saa 2,000. Tangu siku ya kwanza mtu anajua anadaiwa nini. Mimi kila nikirudi nakuta sharti jipya.

Serikali ilitangaza kuhamia hapa 2016, na tangu hapo Mtumba, Ihumwa, Iyumbu, Kisasa, kote majengo yanaota na kila ofisi inataka AC. Oktoba na Novemba simu hazipoi. Kazi ipo, mafundi tupo. Niwekeni mbele ya mashine mbovu, nipeni mita na geji, simameni mnitazame. Nikishindwa, ninyimeni.

Fundi yeyote wa majokofu wa Dodoma au Singida aliyepata leseni kwa cheti cha fani yetu, tafadhali aandike hapa alipeleka karatasi zipi na nani alimsainia. Na ninyi wenye leseni mnaotutumia: waandikieni vijana wenu barua zao wiki hii.