Kulala Kitulo ndani ya Hiace na watoto, barabara na baridi vikoje?

kalenga_boy
Kamwene wakuu. Mimi na shemeji tumeigeuza Hiace yetu nyumba, tumeng'oa siti zote za nyuma tukaweka kitanda cha mbao, betri ya pili, sola juu ya paa, jiko la gesi la mtungi mdogo na kifriji cha volti 12. Sasa mama watoto ameona picha za maua ya hifadhi ya Kitulo basi imekuwa wimbo, Ruaha hataki tena kuisikia, anataka twende huko na watoto tulale humohumo garini. Tunatokea Iringa mjini, tunafikiria Februari maana ndo wanasema maua yanakuwa yamejaa. Gari ni petroli na siyo fowili. Itapanda zile kona za Chimala? Na je kuna sehemu unapaki unachomeka umeme na mpira wa maji, kama kwenye parki za misitu za Marekani ambako mtu anaingia na gari nyumba kubwa kama basi? Watoto wadogo hao, baridi ndo inanipa mawazo.

mtu_wa_chimala
Kupanda itapanda mkuu, kona 57 siyo utani ndo maana tunaiita Hamsini na Saba, ila magari yanapanda na kushuka kila siku na viazi vya Matamba vinashukia hapohapo. Jua tu kwamba injini ya petroli isiyo na turbo ukifika juu kwenye mita 2600 imeshapoteza kama robo ya nguvu zake kwa sababu hewa nyepesi, kwa hiyo usishangae gari linalia gia ya kwanza hata pasipo mlima wa maana. Mimi kinachonitisha ni kushuka. Watu wanashuka na gia ya tatu mguu uko kwenye breki toka kona ya kwanza, wakifika katikati breki inazama kama unakanyaga godoro. Shuka na gia ileile uliyopandia, acha injini ishike gari, na ukisikia harufu ya kuungua tafuta pa kusimama zipoe zenyewe, usimwagie maji diski ikiwa ya moto itapinda. Mafuta jaza huku chini Chimala kabla hujaanza kupanda.

binti_makete
Kaka mbona hamumwambii ukweli wote. Maua ya Kitulo na barabara ya Kitulo hawapatani hata siku moja. Maua yanachanua Desemba mpaka Aprili kwa sababu ndo mvua inanyesha, na mvua ikinyesha ule udongo mweusi wa juu unakuwa sabuni, Hiace yenye uzito wa kitanda na betri itakaa pembeni mpaka aje mtu na trekta na huyo trekta atakutajia bei anayotaka yeye. Ukisema uje Agosti barabara iwe kavu utakuta nyasi za kahawia tu, mama watoto atakununia mpaka Makambako.

Ningekuwa mimi, Hiace ilale Matamba, makao ya hifadhi yako hapohapo, halafu asubuhi mnakodi Land Cruiser ya mtu wa pale mnapanda uwandani mnashinda mnarudi. Ulizia mapokezi hali ya njia siku hiyohiyo, siyo ya jana. Mkitaka lami zaidi piteni Njombe, siku hizi mpaka Makete ni lami, ila ukitoka Makete kwenda Kitulo habari ni ileile.

Umeme wa kuchomeka sahau kabisa, na hicho kifriji kizime uokoe betri, usiku weka maziwa nje yatakuwa baridi kuliko ulivyotaka.

kalenga_boy
Ahsante dada. Na kupika je, tumebeba maharage na mchele. Shemeji anasema tubebe na jiko la mkaa la kuota usiku ndani.

binti_makete
MKAA NDANI YA GARI HAPANA. Tena mwambie shemeji yako hivyo kwa herufi hizohizo kubwa. Moshi wa sumu wa mkaa hauna rangi wala harufu, mnalala wote hamuamki, na jiko linaua hata likionekana halitoi moshi. Blanketi nzito, soksi, kofia za sufu kwa watoto, na dirisha liachwe wazi upana wa vidole viwili, bila hivyo asubuhi mtakuta pumzi zenu zinadondoka toka kwenye bati zimelowesha godoro. Februari siyo mbaya sana, ni mvua na ukungu, baridi ya kuganda ni Juni Julai nyasi zinaamka nyeupe.

Maharage chemsheni nyumbani kabisa. Kule juu maji yanachemka kwenye nyuzi kama 91 badala ya 100, mtachoma mtungi mzima na maharage bado yanagonga sahani.

ndaga_tukuyu
Niongezee kidogo, watu wanaenda Kitulo kuona maua wanarudi hawajui walipokuwa. Zamani ramani zilikuwa zinaandika Elton Plateau, kwa jina la Mwingereza Frederic Elton aliyepita mwaka 1877. Hifadhi yenyewe imetangazwa rasmi 2005, na imeanzishwa kwa ajili ya mimea siyo tembo, ndo maana ukienda unatafuta simba utasema umeibiwa. Maua ya orkidi tu kuna aina zaidi ya 40, na adui yao mkubwa siyo ng'ombe, ni biashara ya viazi vya mizizi yao vinavyochimbwa na kuvushwa Zambia wanakopikia chakula kinaitwa chikanda. Mtoto akitaka kung'oa ua mkataze.

Halafu upande wa msitu wa Livingstone ndo kuna kipunji, yule nyani ambaye wawindaji wa huku walikuwa wanamtaja miaka yote wasomi wakidhani ni hadithi, mpaka watafiti walipomwona 2003. Dunia ikatangaziwa 2005, mwaka uliofuata akapewa jenasi yake peke yake, yaani kundi lake la kisayansi. Kumwona ni bahati, anakaa juu ya miti na ukungu.

Kama barabara ya juu itawakatalia, shukeni huku kwetu Tukuyu, mpaka mjini ni lami. Kuna ziwa la Masoko na jengo la Wajerumani pembeni, wazee wanasema walimwaga sarafu zao ziwani wakati wa vita ya kwanza na watoto wa pale watakuletea heller, yaani sarafu hizo za Kijerumani, uzinunue. Kupaki ulale omba kwa wenyeji kwanza. Ila mvua ya Tukuyu unaijua.

mtu_wa_chimala
Malipo ya hifadhi siyo keshi, unapewa kontroo namba unalipa kwa simu au benki. Weka salio mapema, mtandao huko juu unakuja unakata. Na tairi la spea liwe na upepo siyo pambo.

kalenga_boy
Sawa wakuu, basi gari linalala Matamba. Kuna anayejua bei ya Cruiser kwa siku kwa watu wazima watatu na watoto wanne?

binti_makete
Bei ongea na dereva mwenyewe ukiwa umemuona na gari umeliona, na mpatane kabisa nani anajaza mafuta.