Kukokota karavani yenye tangi lililojaa maji, Kampala hadi Kidepo

Msafiri wa Ntinda:
Habari zenu ndugu. Mwezi wa Januari tunatarajia kwenda Kidepo, mbuga ya wanyama kaskazini-mashariki mwa Uganda, watu wazima wawili na watoto wawili, tukikokota karavani (tela la kulala ndani) iliyoagizwa kutoka Uingereza. Tangi lake la maji safi huchukua lita 160 na limefungwa chini ya sakafu, nyuma ya ekseli (mtaimbo wa magurudumu). Kibandiko cha mlangoni kinaonyesha kilo 1,350 ikiwa tupu, na kikomo ni kilo 1,600. Mzee wangu ananihimiza nijaze tangi hapa Kampala kwa sababu kule ni kukavu, lakini jirani ananikataza kusafiri hata na lita moja. Nimsikilize nani?

Fundi wa Jinja:
Ndugu, kabla ya kuwaamua hao wawili, piga hesabu. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo ukijaza tangi umekwisha tumia kilo 160 kati ya 250 ulizoruhusiwa, na hizo 90 zinazobaki zigawanywe kati ya vyakula, vyombo, matandiko na mtungi wa gesi wa kilo 13, ambao pamoja na chuma chake hupita kilo 25. Hata hivyo, mahali tangi lilipo pananitia wasiwasi kuliko uzito wenyewe. Tuseme liko mita 1 nyuma ya ekseli, na ndoano inayoliunganisha tela na gari iko mita 4 mbele ya ekseli: maji hayo yataipunguzia ndoano robo ya uzito wake, yaani kilo 40. Karavani za Uingereza kwa kawaida hutakiwa kuilemea ndoano kwa asilimia 5 hadi 7 ya uzito wake wote, ambayo kwa kilo 1,500 ni kati ya 75 na 105. Toa 40 hapo, uone kinachobaki. Tela lenye pua nyepesi, yaani lisiloilemea ndoano vya kutosha, huanza kuyumba mkia linapopitwa na basi kwa kasi au linapoteremka mlima, na dereva akikurupuka na breki mambo huharibika zaidi. Aachie mafuta taratibu na kuushika usukani bila kuupigisha huku na huku.

Mwongoza Watalii, Gulu:
Fundi amesema kweli, lakini asieleweke kwamba mtu aende mkavu. Mto Kidepo huwa mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka, na Januari ni kiangazi chenyewe. Ninachopinga ni kuyavusha maji ya Kampala hadi ng'ambo ya daraja la Karuma wakati mbele kuna miji. Nenda na tangi tupu hadi mji wa Kitgum, jaza huko pamoja na mafuta, kisha endesha polepole, kwa kuwa vumbi na makorongo havitakuruhusu kukimbia hata ukitaka. Maji ya kunywa yaweke kando, katika madumu mawili ya lita 20, ndani ya gari wala si ndani ya karavani.

Msafiri wa Ntinda:
Nashukuru sana. Je, nikijaza nusu tu huko Kitgum?

Fundi wa Jinja:
Nusu tangi hucheza: ukifunga breki maji hukimbilia mbele, ukipanda mlima hurudi nyuma, isipokuwa tangi liwe na mabamba ya kuyazuia ndani. Tangi lililojaa halina nafasi ya mchezo huo. Lakini kati ya maji yanayocheza na uzito uliovuka kikomo, mimi huchagua yanayocheza, tena kwa mwendo mdogo. Kabla ya yote, lala chini ya karavani uishike kwa mkono mikanda ya chuma inayolibeba tangi. Ukikuta boliti imeliwa na kutu au mkanda unalegea, ubadilishe kabla ya kuondoka, kwa sababu kilo 160 zinazorukaruka kwenye matuta si mzigo wa kuachia mkanda mbovu.

Mwongoza Watalii, Gulu:
Na mkishapiga kambi Apoka, ndani ya mbuga ya Kidepo, tumieni maji ya tangi kwanza, ili siku ya kurudi uyamwage yaliyobaki na kuondoka mwepesi.