Mama amechoka na sindano: unasihi unaanzia wapi kwa sisi wa Pemba?

Mlezi wa Wete:

Asalaam alaykum. Mama yangu ana umri wa miaka 63 na ameishi na kisukari kwa miaka 11. Hivi sasa anajichoma insulini asubuhi na jioni, jumla ya uniti 30 kwa siku. Chupa yake ni ya mililita 10, yenye uniti 1,000, nasi hufungua mpya kila baada ya siku 28 kama tulivyoelekezwa. Juzi, nilipofunua mtungi tunamowekea dawa ipate ubaridi, niliikuta chupa iliyofunguliwa siku 24 nyuma ingali imejaa zaidi ya nusu. Nilipomuuliza hakukana wala hakukasirika, alisema tu, "Mwanangu, nimechoka kuhesabiwa."

Kliniki husomewa kipimo, hukemewa, hupewa dawa, akarudi nyumbani. Nimesikia kuwa wenye maradhi ya kudumu hupatiwa unasihi, yaani ushauri nasaha, lakini nilipomtajia aliniuliza iwapo nimeshaamua kumvusha bahari nimpeleke Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili kule Unguja. Nimweleze vipi, na pa kuanzia ni wapi?

Muuguzi mstaafu, Chake Chake:

Waalaykum salaam, mwanangu. Kabla ya unasihi kuna la haraka: mama apimwe sukari leo hii, na ukimwona ana kiu isiyokatika, anakojoa mno, anatapika, anapumua kwa kasi au pumzi yake inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, usingoje asubuhi, mpeleke hospitali.

Likishatulia hilo, tenganisha mambo mawili ambayo hata sisi wauguzi huyachanganya. Mtu anaweza kuchoshwa na kisukari chenyewe, yaani sindano, miiko na kukemewa, huku mengine yote ya maisha akiyafurahia. Sonona ni jambo jingine: kwa wiki mbili au zaidi moyo huwa mzito karibu kila siku, au hakuna kinachompendeza, usingizi na hamu ya chakula vikaharibika. Mtazame kwa mambo yake mwenyewe, kama bado anakaa kusuka ukili na kucheka na wenziwe, au mkeka umeachwa nusu. Akianza kusema kuwa ni heri asingekuwepo, daktari ajulishwe siku hiyo hiyo.

Pa kuanzia ni kliniki hiyo hiyo mnayochukulia dawa. Nenda wewe kwanza, peke yako, umweleze muuguzi habari ya chupa, na uulize ni nani hospitalini hapo anayetoa unasihi au anayeshughulikia afya ya akili. Omba pia mazungumzo yafanyike chumba kile kile cha kliniki. Sisemi hivyo bure: ushauri nasaha watu wengi waliujua kwanza kupitia upimaji wa Virusi vya Ukimwi, na mpaka leo wapo wanaohesabu nani ameingia mlango upi.

Maalim, Mkoani:

Mimi ninaishi na kisukari tangu mwaka 2009, na sindano niliwahi kuziacha kama mama. Mnasihi niliyekaa naye hakuniuliza kipimo. Aliniuliza maradhi yameniondolea nini. Nilinyamaza muda mrefu, kisha nikamjibu: Ramadhani. Nimesomesha watoto Kurani chuoni miaka yote, halafu nikawa mtu wa kula mchana jikoni, mlango umerudishwa, nikikivizia kikombe kisigonge kisahani ili wajukuu wasisikie. Ruhusa ya mgonjwa kutofunga na habari ya fidia katika Al-Baqara, aya ya 184, nilikuwa nikiwafundisha wengine, lakini kuijua hukumu hakukuniondolea haya. Tulizungumza mara nne au tano kabla sijaweza kuwaambia wajukuu mwenyewe. Kufunga sijarudi, kwa kauli ya daktari wangu, ila chupa yangu sasa inamalizika kwa wakati wake.

Mgeni wa Micheweni:

Kwa heshima zote, mimi sioni haja ya kupeleka siri ya nyumba kwa mtu baki ilhali mama ana watoto na ndugu wa kumliwaza.

Muuguzi mstaafu, Chake Chake:

Ndugu yangu, kuliwazwa na wanawe ni neema, na kuendelee. Lakini huyu anayemliwaza ndiye huyo huyo anayeikagua chupa. Mnasihi amefungwa na kanuni ya kutunza siri, na mama hatalazimika kula naye chakula cha usiku.

Mlezi wa Wete:

Nawashukuru nyote. Sukari ilikuwa juu lakini hakulazwa, na sindano amezirudia. Nilimuuliza swali la Maalim. Hakunijibu mpaka baada ya Isha. Alisema, "Harusi." Zamani yeye ndiye aliyekuwa akiitwa kuionja halua kabla haijaepuliwa, siku hizi sahani humpita, na mtu wa pembeni humjibia kuwa huyu ana sukari, kabla yeye hajafungua mdomo.

Muuguzi wa kliniki amekubali kuzungumza naye Jumatatu, foleni ikishakwisha. Mama ameridhia kwenda, kwa sharti moja: mimi nikae nje.