Nachoka kubuni, sichoki kuchomelea

GetiJeusi: Wakuu, huu mwaka wa tano nachomelea mageti na grili pale Gerezani, Dar. Moto haunisumbui, kubuni ndiko kunanichosha. Mteja analeta picha kwenye simu: "Fanya kama hii, ila punguza bei." Nikipewa vipimo kwenye karatasi nainyoosha kazi. Nikiambiwa "we fundi, utajua mwenyewe", nakwama. Kuna sehemu inanifaa?

MzeeWaBomba: Kijana, njoo kwenye mabomba. Huku kila ungio lina karatasi yake ya utaratibu, WPS: aina ya fimbo, ampea, joto la chuma kabla hujaanza. Kwa kawaida yetu mzizi, yaani tabaka la kwanza la ndani, ni fimbo ya 6010, juu yake 7018, na hizo 7018 zinatoka kwenye oveni ya kuzitunza kavu, siyo mfukoni mwa ovaroli. Ukijitungia lako, mkaguzi anakukatisha ungio zima. Ila ujiandae na mtihani wa 6G: bomba limefungwa digrii 45, halizungushwi, unalizunguka wewe. Nilifeli mara mbili. Ya pili mzizi haukushika upande wa chini, eksirei ikanianika. Nilinuna wiki nzima.

GetiJeusi: Shikamoo mzee. Nianzie wapi?

MzeeWaBomba: Marahaba. Tafuta vipande vya bomba, fanya mzizi tu, kata, angalia ndani. Rudia.

DadaMkaguzi: Na mikono ikichoka, kuna ukaguzi. Mimi nashinda na geji, tochi na fomu. Wenzangu wanaona inaboa, mimi naipenda.