Figo zinajuaje kwamba hewa imepungua?

Mpagazi wa Marangu
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mpagazi wa Kilimanjaro, mwaka wa saba sasa. Wiki iliyopita nilipanda na mgeni ambaye ni daktari. Tulipofika Horombo, mita 3,720, akatubana vidole na kile kidude cha kupima oksijeni. Yeye asilimia 84, mimi 91. Akacheka, akasema figo zangu zimeshajua hewa ya huku ni nyepesi, zikaagiza damu. Nikataka kumuuliza zinajuaje na hazina pua, ila mzigo ulikuwa unanisubiri. Baiolojia nilipata C, nielezeni taratibu.

Mwalimu wa Baiolojia
C inatosha kabisa, mkuu. Achana na pua, tafuta kimeng'enya.

Ndani ya seli kuna protini inaitwa HIF. Inawasha jeni za dharura, ikiwemo ya erithropoietini, homoni ya figo inayouhimiza uboho utengeneze chembe nyekundu. Sasa sikia kituko: HIF inatengenezwa muda wote, hata ukiwa umekaa ufukweni Tanga, na inaangamizwa ndani ya dakika chache tu.

Anayeihukumu ni kimeng'enya kiitwacho prolili haidroksilesi. Mchukulie kama karani mwenye muhuri, na wino wake ni oksijeni yenyewe. Hapimi chochote. Anachukua molekuli ya oksijeni, anaigawa, atomu moja anaigonga kwenye HIF. Protini nyingine, VHL, ikiuona muhuri huo inaitia HIF alama ya kutupwa, nayo inaenda kusagwa. Ukipanda mlima wino unapungua, HIF nyingi zinapita bila muhuri, VHL haizitambui, zinaingia kwenye kiini cha seli na kuanza kazi.

Wanasayansi Semenza, Ratcliffe na Kaelin walipewa Nobel ya tiba mwaka 2019 kwa habari hii. Kaelin aliingilia mlango wa uani: alikuwa anachunguza VHL kwa sababu ikiharibika, watu wa ukoo mmoja hurithi hatari ya saratani ya figo.

Mchaga Mbishi
Yaani utengeneze kitu kutwa nzima ili ukisage? Huo si ufujaji?

Mwalimu wa Baiolojia
Ni ufujaji, sikatai. Ila pikipiki ya dharura huwa haizimwi injini. Kusaga kukisimama tu, HIF inajaa ndani ya dakika.

Nesi wa Dayalisisi
Naongezea la wodini. Karani huyo ana chembe ya chuma katikati, bila chuma hagongi muhuri. Na wagonjwa wetu wa figo wana upungufu wa damu kwa sababu figo zilizochoka hazitoi erithropoietini ya kutosha. Siku hizi kuna vidonge, roxadustat na daprodustat, vinavyomzuia karani makusudi. Mwili unadhani uko mlimani. Daprodustat iliidhinishwa Marekani 2023 kwa watu wazima walio kwenye dayalisisi, yaani wanaochujwa damu kwa sababu figo zimeshindwa. Mimi naviita Kilimanjaro ya kumeza, na madaktari hawapendi 😂

Mpagazi wa Marangu
Asanteni sana. Lakini mgeni alianza kuhema pale pale Horombo, hakungoja damu mpya.

Mwalimu wa Baiolojia
Huko kuhema ni idara nyingine. Shingoni, mshipa mkubwa wa damu unapogawanyika kwenda kichwani, kuna kitu kidogo kama punje ya mchele kinachoshtuka papo hapo na kuuambia ubongo uongeze pumzi. Hesabu ya HIF ni ya polepole. Erithropoietini inapanda ndani ya saa chache, ila chembe nyekundu za kutosha ni suala la wiki.

Mpagazi wa Marangu
Ndiyo maana! Masika wageni wanapungua, nakaa Moshi miezi miwili mitatu. Nikirudi, siku ya kwanza nahema kama wao, wenzangu wananicheka.

Mwalimu wa Baiolojia
Ukishuka wino unarudi tele, HIF inasagwa, figo zinapunguza oda. Chembe nyekundu inaishi siku 120 hivi. Zinazokufa hazijazwi kwa kasi ile ya mlimani. Na hapo miguu nayo imeshazoea bodaboda.

Mpagazi wa Marangu
Hiyo ya bodaboda umenikamata, mwalimu.