«-me-» kwa Kiingereza ni ipi hasa?

Mlinzi wa Zamu
Wadau, nalinda hoteli huku Nungwi, usiku. Kitabu cha matukio tunaandika kwa Kiingereza. -li-, -na- na -ta- hazinisumbui, kizungumkuti ni -me-. Nikiandika «The driver has arrived» msimamizi anaipitisha. Nikiandika «The guest has slept» anakata, anaweka «is asleep». Zote si -me-? Kanuni yake nini?

Bi Chaki
Mwanangu, -me- yetu ina kazi mbili. Amefika, ameondoka: tendo limekwisha, basi «has arrived», «has left». Lakini amelala, amekaa, amesimama, amevaa: mtu bado yumo katika hali hiyo. Hapo Kiingereza kinataka «is»: «is asleep», «is sitting», «is standing», «is wearing». «Has slept» anayesoma ataelewa mgeni kashaamka. Na siku mwizi akiruka ukuta, usije ukamwandikia polisi «he has worn a red cap». Andika «he was wearing», maana alikuwa nayo kichwani anakimbia.

Ila kwa kitabu chako kuna kubwa zaidi: saa. Sisi tunasema «dereva amefika saa nane usiku» na hakuna anayeshtuka. Kiingereza, ukishataja saa iliyopita, «has» inaondoka: «The driver arrived at 2 a.m.» Vivyo hivyo kwa «jana» na «last night». Kwa kuwa kila mstari wenu una saa, karibu kitabu kizima kitakuwa past.

Mtu wa Paje
Mbona wageni wa Marekani wanasema «I already ate»?

Bi Chaki
Wanasema, na kwao ni sawa. Muingereza atapenda «I've already eaten». Msimamizi hatakata kalamu kwa hilo.

Mlinzi wa Zamu
Shikamoo mwalimu. Basi «jenereta imezimika saa kumi alfajiri» ni «The generator stopped at 4 a.m.» Na gari la maji halijafika?

Bi Chaki
Marahaba. Ya jenereta umepata. Gari, kama bado mnalingoja, «has not arrived yet». Zamu ikiisha halikuja, «did not arrive». Usiandike «did not arrived»: «did» imeshabeba wakati uliopita, kitenzi kinabaki kitupu.

Mlinzi wa Zamu
Halikuja. Naandika «did not arrive», nakabidhi funguo.