Binti wa Kiislamu kapangiwa sekondari pevu ya Kikatoliki: niulize nini kabla hajaripoti?

Mama Latifa, Kisauni
Asalaam alaikum, na habari zenu nyote. Binti amepangiwa Gredi ya 10, mwanzo wa sekondari pevu, katika shule ya bweni ya umma ambayo mdhamini wake ni Kanisa Katoliki. Mkondo wake ni wa sayansi za jamii, na IRE (Elimu ya Dini ya Kiislamu) ni moja kati ya masomo matatu aliyochagua. Barua ya mwito inasema Misa ya Jumapili ni ya wanafunzi wote. Kuhusu mtandio na funga, kimya. Je, atalazimishwa kusoma CRE (Elimu ya Dini ya Kikristo)? Nianzie wapi?

Mwalimu wa Changamwe
Waalaikum salaam, mama. Anza na IRE, hapo ndipo penye hatari. CRE hawezi kulazimishwa. Sekondari pevu masomo ya lazima ni Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara, Hisabati, na Huduma kwa Jamii. Dini imo kwenye yale matatu ya kuchagua.

Kinachotokea ni hiki: shule ina walimu wa CRE, wa IRE haina. Siku ya kuripoti mtoto anaambiwa achukue Jiografia, naye kwa woga anakubali. Mpigie simu naibu mwalimu mkuu anayesimamia masomo (karani wa mapokezi hatakuwa na jibu). Muulize kama mwalimu wa IRE ni wa TSC (Tume ya Huduma za Walimu) au ameajiriwa na bodi ya shule, na kama vipindi viko kwenye ratiba ya mchana. Mwalimu wa bodi anaweza kuondoka pesa zikikauka, na somo linalofundishwa jioni baada ya michezo huwa halimalizi silabasi. Ukiona majibu yanayumba, uliza nafasi kwingine mapema, maana uhamisho unategemea shule inayopokea kuwa na nafasi kwenye mchanganyiko uleule wa masomo.

Bin Said, Mji wa Kale
Kuhusu Misa, Katiba ya Kenya kifungu cha 32 kinakataza mtu kulazimishwa kufanya jambo lililo kinyume cha dini yake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 27, inampa mdhamini kazi ya kulea imani shuleni, hata kuweka padri kwa gharama yake, lakini inamtaka alinde dini za wengine. Kwenye bodi mdhamini ana wawakilishi 3, wazazi wana 6.

Mtandio ni habari nyingine, na naomba usiende pale ukitaja mahakama. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani iliruhusu hijabu katika kesi ya shule ya Kimethodisti kule Isiolo. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikatengua hukumu hiyo kwa sababu ya jinsi dai lilivyowasilishwa, ikashauri bodi ikae na wazazi na kuweka mwongozo. Kwa hiyo ni mazungumzo. Peleka ombi la maandishi lenye vipimo: mtandio mweupe usio na nakshi, mwisho mabegani, nembo ya shule ionekane. Ombi la "tunataka hijabu" hupata jibu la "hapana" kwa sababu mkuu haoni anakubali nini hasa.

Mama Latifa, Kisauni
Shukran sana. Na Ramadhani je?

Mlezi wa Bweni, Likoni
Mama, Ramadhani ya miaka hii inaangukia muhula wa kwanza, wakati mtoto bado mgeni. Jambo la kwanza ni jiko. Kwetu Magharibi inaingia saa kumi na mbili na nusu na ushei, na chakula cha jioni mara nyingi huwa kimeshagawiwa. Majina ya wanaofunga yakimfikia mpishi wiki mbili kabla, sahani zao huwekwa kando. Yakichelewa, wanafuturu ukoko wa ugali. Daku vilevile: uliza nani anafungua bwalo saa kumi alfajiri, kwa sababu milango ya bweni huwa na kufuli.

Wakati wa Misa, omba Waislamu wawe darasani na mwalimu wa zamu, na majina yaandikwe. Bila hivyo huhesabiwa watoro. Tende mfungie kilo mbili, ila mkabidhi matroni mkononi siku ya kuripoti. Chakula kikikutwa sandukuni kwenye ukaguzi, kinachukuliwa.